Tandiko la Farasi katika Milima ya Lesotho

Mtu atokaye katika nchi zetu, ambako mbung'o amewanyima wengi wetu farasi tangu zama za mababu, hustaajabu sana afikapo Lesotho. Huko farasi si mnyama wa gwaride wala wa mashindano ya matajiri. Mchungaji humpanda akaenda kutazama kondoo wake, bibi kizee hupandishwa juu yake apelekwe zahanati, na polisi humtumia kuwafuata wezi wa mifugo mahali ambapo gari haliwezi kufika. Nchi hiyo imezungukwa pande zote na Afrika ya Kusini, na hakuna hata shamba moja lililo chini ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Mbung'o hawezi kuishi katika baridi ile.

Farasi waliingia huko kutoka Rasi mwanzoni mwa karne ya 19. Mfalme Moshoeshoe wa Kwanza, aliyekuwa na ngome yake juu ya mlima wa Thaba Bosiu, alijifunza kupanda, na watu wake wakamfuata. Malisho haba na njia za mawe zikazaa farasi mdogo, mwenye kwato ngumu na pumzi ndefu, ambaye kimo chake begani kwa kawaida hakizidi mita moja na nusu. Wakati wa vita vya Waingereza na Makaburu, 1899 hadi 1902, maelfu waliuzwa kwa majeshi ya Uingereza, na wengi hawakurudi. Jeshi la polisi la nchi hiyo lilianzishwa 1872, na hata leo jina lake rasmi ni polisi wapanda farasi.

Mimi nilifika Semonkong, mji mdogo wa milimani, nia yangu ikiwa kuyaona maporomoko ya Maletsunyane yaangukayo mita 192. Maporomoko ni mazuri, nami sitayasimulia. Picha zake zi tele. Nitakalo kusimulia ni habari ya tandiko.

Mwenyeji wangu alikuwa mzee aliyewahi kutumikia polisi. Nilimwita Ntate, yaani baba, kama adabu ya huko itakavyo, naye akaniita vivyo hivyo ingawa nilikuwa mdogo kwake. Asubuhi ya kwanza alinichelewesha karibu saa nzima. Alilichukua tandiko, akaliegemeza pajani, akalikandamiza kwa nyuma huku akitega sikio. Kiunzi cha mbao kilicho ndani ya ngozi, alisema, kikivunjika hulia; na tandiko lililovunjika kiunzi halifai tena hata lingeng'aa namna gani. Kisha akaipapasa mito ya chini kwa kiganja, akitafuta vinundu na mahali palipodidimia. Akaivuta mikanda ya vikuku na kukagua mishono yake mmoja mmoja. Nikawakumbuka askari wetu na bunduki zao siku ya ukaguzi.

Blanketi lilikung'utwa hadi lisibaki unyoya wala chembe ya udongo. Alilitandika mbele kidogo ya mahali pake, akalirudisha nyuma polepole ili manyoya ya farasi yalale sawa. Juu yake akaweka tandiko, na papo hapo akalivuta blanketi juu kwa vidole mpaka likaingia katika mfereji wa katikati ya tandiko, lisiuminye mgongo pale penye nundu ya mabega. Kati ya nundu hiyo na tandiko hapana budi vidole viwili au vitatu vipite, hata mpandaji akiisha kuketi. Nyuma, tandiko lisivuke ubavu wa mwisho, maana farasi wadogo wana migongo mifupi. Ukanda wa tumboni aliukaza mara tatu, akimtembeza farasi kila mara, kwa kuwa mnyama huyu mjanja hujaza tumbo pumzi akikazwa. Mwisho akafunga ukanda upitao chini ya mkia. Farasi hawa wana matumbo ya duara. Bila ukanda huo, kwenye mteremko tandiko na mtu wake huishia shingoni.

Farasi wangu alikuwa na mabaka mawili ya manyoya meupe mgongoni. Nikadhani ni uzuri wa kuzaliwa. Mzee akanijibu kwamba ni tandiko la mtu aliyemmiliki zamani. Lilimwumiza hapo, na manyoya ya asili hayakurudi.

Jioni mzee alilegeza ukanda, akaliacha tandiko mgongoni kwa muda ili damu irudi taratibu, desturi ya kale ya askari wapanda farasi. Alipoliondoa alitazama jasho: mahali pakavu katikati ya mgongo uliolowa ndipo tandiko liminyapo mno. Ngozi aliipangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, akaisugua kwa sabuni isiyo na povu jingi, akaianika kivulini mbali na moto. Mafuta alipaka machache, zaidi upande wa ndani wa ngozi, kwani mafuta mengi hulegeza ngozi na kuozesha nyuzi. Tandiko likalala juu ya gogo, wala si sakafuni, ambako panya huyatafuta matandiko kwa ajili ya chumvi ya jasho.

Siku ya pili, kwa kiburi cha mwanafunzi mpya, niliamka mapema nikamtandika farasi mwenyewe. Mzee alikuwa akila uji. Sikuona kwamba blanketi lilikuwa na kunjo chini ya mto wa kushoto. Adhuhuri farasi akaanza kugeuza kichwa na kupiga mkia. Tulipolishusha tandiko palikuwa na uvimbe wa moto, mkubwa kama yai la kuku. Mzee hakunikaripia. Alilitwika tandiko kichwani mwake, akashika hatamu, nasi tukarudi kwa miguu saa nne.

Ndipo mkewe aliponiambia kwamba Ijumaa farasi yule alikuwa amchukue mama yake zahanati, ng'ambo ya mto, akapate dawa zake za mwezi. Usiku huo mzee aliukanda uvimbe kwa maji baridi, na mimi nikashika taa.

Ijumaa uvimbe ulikuwa umepungua, lakini si wa kuwekewa tandiko. Kukapambazuka, mzee akaenda kwa jirani kuomba farasi. Mimi nilikuwa nimekwisha kulisafisha tandiko letu na kulileta mlangoni. Aliporudi na farasi mweusi, mpana kuliko wetu, alilitazama tandiko langu, akatikisa kichwa, akarudi tena kwa jirani kuomba na la kwake.