Jini ya Uskoti ya Asilimia 57 na Usiku wa Dada Yetu (Jina Kapuni)

Kabla sijaenda mbali niweke sawa jambo moja: naongelea jini HII ya kunywa, siyo jini LILE la kwenye mbuyu. Nasema hivyo kwa sababu shangazi yangu ninayeishi kwake hapa Edinburgh alinisikia kwenye simu namwambia mshikaji, "Jana nimekaa na jini mpaka saa nane usiku," akaanza kunisomea dua pale pale jikoni. Haya, tuendelee.

Wengi mmenitumia ile video ya sekunde kumi na kitu. Dada yetu mmoja, msanii, jina kapuni, kashika glasi kubwa imejaa barafu, anacheka, anayumba kidogo, na chini wameandika "kalewa chakari Ulaya". Mkaniuliza, wewe si uko huko, ni kweli? Wadau, nilikuwepo. Tena glasi ile niliitengeneza mimi kwa mikono yangu hii. Ila lazima nianzie kwenye chupa, kwa sababu usipoijua chupa hata hii stori hutaielewa.

Mimi ni form four tu, mambo ya vinywaji sijayasomea popote. Nilianza na kibarua cha kuosha glasi kwenye baa moja upande wa Leith, bandarini. Baadaye wakataka niuze. Kwa sheria ya Uskoti huwezi kumuuzia mtu pombe kwenye baa kabla hujapata mafunzo ya angalau saa mbili, nikapelekwa. Kilichonibaki kichwani ni kwamba kumuuzia mtu ambaye tayari kalewa ni kosa la jinai. Nikacheka, maana kwetu huyo si ndiye mteja mwenyewe? Mwalimu hakucheka.

Sasa yule mzee anayesimamia kaunta, usiku mmoja baada ya kufunga, akanimiminia Edinburgh Gin Cannonball. Jina maana yake tufe la mzinga, na kwenye lebo imeandikwa asilimia 57.2. Konyagi yetu ni 35. Gordon's inayouzwa hapa ni 37.5. Mimi nikafanya mambo yangu ya Temeke, nikaibugia yote mara moja. Aisee! Machozi, makamasi, masikio yanapiga kengele. Mzee akanisubiri nimalize kukohoa, akamimina nyingine kidogo, akaniambia sasa tuanze upya.

Nikafundishwa. Usiingize pua ndani ya glasi, utaunguza kila kitu na hutanusa tena chochote. Iweke usawa wa kidevu, acha mdomo wazi kidogo, vuta polepole. Kinachokuja kwanza ni juniperi, yale matunda madogo yanayoifanya jini iitwe jini: harufu ya msonobari, kama umepita kwa fundi seremala anaranda mbao mbichi. Nyuma yake limau, lile ganda lenyewe. Halafu weka tone tu ulimini, litembeze, meza. Baada ya hapo ongeza maji, karibu sawa na jini yenyewe, ujaribu tena. Hapo ndipo nilishangaa. Moto ulishuka na kukatokea pilipili ya Sichuan, ambayo siyo kali kama pilipili kichaa. Yenyewe inatia ganzi ncha ya ulimi, kama ulivyokuwa unalamba betri ya redio ukiwa mtoto. (Usiseme hukuwahi.)

Na kwa nini 57? Hadithi yao inarudi kwa mabaharia wa jeshi la majini la Uingereza. Pombe na baruti vilisafiri meli moja, na walitaka pombe ambayo hata ikimwagikia baruti, baruti bado itawaka. Ikiwa na maji mengi, baruti inakufa. Mpaka wake unaangukia kama asilimia 57. Kwa hiyo ukiona chupa ya aina hii jua unashika kitu kilichopimwa kwa moto.

Kuihudumia sasa. Glasi kubwa, barafu ijae mpaka juu, usiogope, kwa sababu barafu kidogo ndiyo inayeyuka haraka na kukuachia maji. Jini kipimo kimoja, mililita 25, basi. Toniki 150 au zaidi. Ganda la limau lipinde juu ya glasi mafuta yake yaruke, kisha litumbukize. Usikoroge kama uji. Ule uchungu wa toniki ni kwinini, dawa ile ile bibi zetu walimezeshwa kwa malaria, na uchungu huo pamoja na baridi vinaificha kabisa ile 57. Mnywaji anaona yuko na soda. Weka dabo na umempa kilevi cha toti tatu za Konyagi na kitu juu, na hajui.

Hapo ndipo meneja wa dada yetu alipopapendea.

Baada ya shoo kulikuwa na pati kwenye nyumba ya kupanga, watu kama ishirini. Niliitwa kumimina vinywaji, paundi 120 kwa usiku. Dada aliingia kachoka, viatu mkononi. Akaja kaunta akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, nipe kitu chepesi, sijala tangu asubuhi." Nikamwambia sawa dada. Hajafika kwenye kochi, meneja huyu hapa. Kaniwekea mkono begani. "Dogo, ile chupa kali. Mpigie dabo, kila glasi. Asijue. Kuna mtu pale anataka kukaa naye na huyu bila kuchangamka hakai." Akanionyesha kwa kidevu: mkubwa mmoja, mwenye hela za safari ile, kakaa peke yake kama anasubiri daktari amwite.

Sitajifanya shujaa. Kitu cha kwanza nilichokiwaza ni ile 120. Kodi ya shangazi nilikuwa sijachangia miezi miwili. Nilishika kipimo, nikakijaza dabo, na kilikaa mkononi mwangu muda mrefu kuliko kawaida. Meneja alikuwa anatazama.

Aliponipa mgongo kumsalimia mtu, nikarudisha jini kwenye chupa. Nikachovya kidole, nikapaka mdomo wa glasi kuzunguka pote, nikajaza barafu, toniki tupu, ganda la limau. Ukinusa, ni Cannonball mtupu. Meneja akarudi, akainusa, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akampelekea mwenyewe.

Dada akanywa funda moja. Akatulia. Akaangalia glasi, akaniangalia mimi kule kaunta, na najua alijua, kwa sababu yule siyo mtoto wa jana. Alipokuja kuongeza akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Kaka, hiyo hiyo. Usibadilishe mkono."

Glasi nne alikunywa. Nne za toniki! Kuanzia ya pili akaanza kucheka sana, akawa anayumba, anaegemea ukuta. Wadau, yule dada anaigiza kuliko hao mnaowaona kwenye tamthilia. Video yenu ilipigwa hapo. Yule mkubwa alipoanza kumsogelea, yeye akashika tumbo, akasema anataka kutapika, akakimbilia chooni na mcheza shoo wake wa kike. Dakika kumi baadaye nikaona teksi dirishani, wote wawili wanapanda, na alikuwa ameshavaa viatu vyake, anatembea kama mwanajeshi.

Meneja alichukua glasi iliyobaki mezani akaonja. Akaonja tena. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Umemaliza kazi, nenda," na ile 120 sijaiona mpaka leo. Chupa ilibaki na robo hivi, nikaondoka nayo.

Sasa kuna kingine. Mwaka jana niliandika hapa hapa kuhusu dada mwingine, jina kapuni, kwamba kabebwa kutoka klabu hajitambui. Niliweka vicheko vingi sana, mkasoma kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Sikuwepo. Nilitumiwa picha tu na mtu nisiyemjua. Sikuuliza nani alimimina, wala nani alikuwa anasubiri kwenye kochi. Nimeifuta leo asubuhi, wanaoitafuta wasinisumbue.

Na msiniulize majina kule chini, sijibu. Ukiandika jina nafuta.

Ile robo chupa iko kabatini. Shangazi kaisogeza kwenye rafu ya sabuni na dawa za kusafishia choo, na kila asubuhi ananiuliza hili jini lako linahama lini.