Redio ya Dijitali: Nani Atainunua?

Mpenzi msomaji, kipya kinyemi ingawa kidonda. Maneno haya ya wahenga yalinijia mwezi uliopita, kifungua mimba wangu aliponieleza anavyonuia kuzitumia shilingi 180,000 alizolipwa alipopunguzwa kazini. Rafiki yake aliye Uingereza angemtumia redio 40 za dijitali, naye angefungua duka hapa mjini.

"Baba," akaniambia, "ving'amuzi vya televisheni viliuzwa kama njugu mwaka wa 2015. Sasa ni zamu ya redio."

Hebu nikuulize, msomaji, wewe ungemjibu nini?

Sikutaka kumvunja moyo. Uzuri wa redio hizo naujua. Hazina mkwaruzo, na mtambo mmoja hurusha stesheni nyingi kwa pamoja badala ya kila moja kudai masafa yake. Lakini uzuri wa chombo ni jambo moja, na kupata wanunuzi ni jambo jingine.

Nikamkumbusha kisa cha WorldSpace. Kampuni hiyo, iliyoanzishwa na Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia, ilipeleka angani setilaiti ya AfriStar mwezi wa Oktoba 1998 ili ilitangazie bara la Afrika. Vipokezi vyake viliundwa na Hitachi, JVC, Panasonic na Sanyo, majina yasiyo na mzaha. Nilikiona kimoja dukani Nairobi siku hizo. Ajabu ya sauti! Ungedhani mwimbaji yumo humo dukani. Nikauliza bei, nikashukuru, nikatoka. Mshahara wangu wa ualimu haungeifikia. Tena antena yake ilitaka kuelekezwa kwenye setilaiti pasipo paa wala ukuta wa kuizuia, ilhali mke wangu husikiliza redio akiwa jikoni. Nilirudi nyumbani na redio ndogo ya betri mbili. Mnamo Oktoba 2008, WorldSpace ilikimbilia mahakama ya Marekani kuomba kinga dhidi ya wadai wake.

"Hiyo ilikuwa ya setilaiti," mwanangu akapinga. "Hizi zangu hupokea kutoka mitambo ya hapa ardhini."

Haya, twende huko zinakotoka. BBC ilianza matangazo yake ya dijitali mjini London mnamo Septemba 1995. Evoke-1 ya kampuni ya Pure, redio ya mezani ambayo hatimaye mtu wa kawaida angeweza kuinunua, ilifika madukani mwaka wa 2002 kwa pauni 99. Miaka saba! Watangazaji waliwangoja wasikilizaji, wasikilizaji wakangoja bei ishuke, na viwanda vikawangoja wote wawili. Norway waliamua kukata mzizi wa fitina: mwaka wa 2017 stesheni za kitaifa ziliondolewa kwenye FM. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2020, gari jipya likiwa na redio ni lazima redio hiyo iweze kupokea matangazo ya dijitali.

Umelisikia neno hilo, msomaji? Lazima. Hata ving'amuzi vyetu vya 2015 viliuzika kwa sababu mitambo ya zamani ilizimwa, skrini zikawa nyeusi, nasi tukanunua huku tukinung'unika. FM yetu haijazimwa. Stesheni anazozipenda mama watoto, za Kiswahili na za lugha ya nyumbani, zote zimo humo. Na mawimbi ya FM yakififia, redio hukwaruza lakini tangazo la kifo cha jirani unalipata. Ya dijitali, mawimbi yakipungua, hukatika kabisa.

Tulikubaliana aagize moja kwanza. Iliwasili Jumanne, maridadi kweli kweli, na kioo chake kinang'aa. Tukaiamuru itafute stesheni za dijitali. Ikazunguka, ikazunguka, kisha ikaandika sifuri. Mwanangu akabonyeza kitufe cha FM, na habari za saa moja zikasikika safi.

"Sasa hii ina tofauti gani na yangu?" mamake akauliza.

Kabla hajajibiwa, stima ikapotea. Mama watoto akapapasa rafuni, akawasha kiredio chake cha betri, akaendelea kusikiliza habari. Kijana wetu alikaa kimya gizani. Zile shilingi 180,000 bado ziko benki, na rafiki yake wa Uingereza anasubiri jibu.