Mlima Tunaoupiga Picha na Mlima Unaotunywesha

Wahenga walinena kuwa macho hayana pazia. Hata hivyo, naona sisi wakazi wa Nyeri, Kiganjo, Naro Moru hadi Nanyuki tumejiwekea pazia, tena jeupe pe pe pe! Nalo si jingine ila ile theluji ya Mlima Kenya.

Hebu fikiria kidogo. Mlima ukijitokeza asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika, sote tunatazama wapi? Kileleni, ambako Batian imesimama mita 5,199 juu ya bahari. Kalenda ukutani ina kilele. Picha za harusi zina kilele nyuma ya bwana na bibi harusi. Mgeni wa kutoka Nairobi akishapiga picha pale kwenye bango la ikweta mjini Nanyuki, jambo la pili ni kugeuka kukitafuta kilele. Je, ni nani umewahi kumwona akipiga picha ule ukanda wa rangi ya kahawia ulio chini ya mawe, mahali pa nyasi na vichaka, juu ya msitu na mianzi? Mimi sijamwona. Na bado huo ndio ukanda unaoungua, na huo ndio unaotunywesha maji.

Sisemi kwamba barafu haina maana. Mababu zetu waliuita mlima huu Kirinyaga na kuuheshimu kama makao ya Ngai. Halford Mackinder, anayejulikana kuwa wa kwanza kufika kileleni Batian, tarehe 13 Septemba 1899, aliondoka huku na picha pamoja na ramani. Wakati ule mlima ulikuwa na mito ya barafu ipatayo 18. Leo mingi imetoweka, na iliyobaki ni vipande tu. Ule mkubwa unaoitwa Lewis ulipoteza asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka wa 1934 na 2010. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilionya mwaka wa 2021 kwamba huenda barafu yote ya mlima wetu ikaisha katika miaka ya 2030. Wengi wetu tutakuwa hai, pengine tunawapeleka watoto wetu shule.

Mwalimu wetu wa jiografia alituonyesha picha moja iliyonikosesha usingizi. Ilipigwa mwaka wa 2014 na Mwingereza aitwaye Simon Norfolk. Alipanda hadi kwenye barafu ya Lewis, na usiku akaiacha kamera yake wazi kwa muda mrefu huku akitembea na mwenge wa petroli mahali ambapo ukingo wa barafu ulikuwa zamani. Pichani mtu haonekani. Kinachoonekana ni mstari wa moto juu ya mawe matupu, na barafu imejikunyata mbali huko nyuma kama mgonjwa kitandani. Mstari mmoja ni wa mwaka wa 1934, picha nyingine ni ya mwaka wa 1963, na kadhalika. Moto umechora barafu isiyokuwapo! Darasa zima lilinyamaza kimya.

Mimi nilinyamaza kwa sababu nyingine. Nilikuwa nimewahi kuuona mstari wa moto mlimani, na huo haukuwashwa na mpiga picha.

Ilikuwa mapema mwaka wa 2019, nami nilikuwa darasa la nne. Kwa guka wangu, upande wa Naro Moru, kiangazi kilikuwa kikali na mvua ya masika ilikuwa imechelewa. Usiku tulisimama uani tukaona mlima umevaa kama shanga nyekundu shingoni. Sisi watoto tuliona ni jambo la kupendeza. Cucu alituambia tuingie ndani, ati hicho si kitu cha kuchekelewa. Alfajiri baba mdogo aliondoka na wanaume wengine wa kijiji kwenda kuwasaidia askari wa wanyamapori na wa misitu. Silaha zao? Panga, majembe na matawi mabichi ya kuupigia moto. Huko juu hakuna bomba wala gari la zimamoto.

Alirudi siku ya tatu, macho mekundu, soli za viatu zimeyeyuka. Kwenye simu yake alikuwa na picha chache. Moja ilikuwa ya kilele, cheupe, safi kabisa. Nyingine ilionyesha ile mimea mirefu ya ajabu ya huko juu, inayofanana na kabichi iliyopandishwa juu ya shina. Mimea hiyo haiangushi majani yaliyokauka, bali huyaacha yalizunguke shina kama koti la kuikinga baridi ya usiku. Koti hilo ndilo lililoshika moto. Ilisimama mweusi, mmoja mmoja, kama watu waliotoka kwenye nyumba iliyoungua. Mimea hii hukua polepole mno, hivyo iliyoungua huenda ilikuwa na umri wa kumzidi guka.

Watu wa nyumbani walimwomba baba mdogo awatumie ile picha ya kilele. Guka peke yake ndiye aliyeishika ile nyeusi kwa muda, akasema, "Wee, hapa ndipo maji yetu hulala."

Wakati huo sikumwelewa. Kwani maji hayatoki kwenye theluji? Wengi hudhani hivyo, hata watu wazima. Ukweli ni kwamba barafu yetu ni ndogo sana, na mchango wake mitoni ni mdogo vilevile. Maji mengi ni ya mvua, ambayo hunyonywa na udongo mweusi wa mboji chini ya nyasi za juu, na msitu ulio chini yake, kisha hutolewa kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Ni kama sifongo. Ukiichoma sifongo, mvua ikinyesha itateleza tu. Kutoka hapo huanzia Naro Moru, Burguret na Nanyuki inayoelekea Ewaso Ng'iro, na Sagana inayoingia Tana, mto unaotupa hata umeme.

Mvua ilipokuja mwaka ule, mto wetu uligeuka rangi ya kahawa. Jivu na matope viliziba mdomo wa bomba la mradi wa maji, na wanakijiji wakashinda siku nyingi wakizibua. Viazi vya guka vilikuwa vimekwisha kukauka. Ng'ombe wa maziwa aliuzwa ili dada yangu asikose karo. Ndiyo sababu nikiuona moto mlimani sioni pambo. Naona kamba mpya shingoni mwa ng'ombe anayeongozwa na mtu nisiyemjua.

Sasa tufanye nini? Barafu inayeyushwa na joto la dunia nzima, na sisi wa Nyeri peke yetu hatuwezi kuizuia. Lakini moto wa mlimani mara nyingi huanzishwa na mkono mmoja: mrina asali aliyeacha kijinga, mchoma makaa, mwindaji haramu, au mtalii aliyesahau jivu. Mlima Kenya uliungua vibaya mwaka wa 2012, ukaungua tena 2019. Nyandarua iliungua Februari 2022. Majirani zetu wa Tanzania waliona Kilimanjaro ikiwaka Oktoba 2020. Joto na ukame huandaa kuni, lakini kiberiti ni chetu. Hapo ndipo tuna uwezo.

Aidha, tunajua kwamba barafu imepungua kwa sababu kuna watu waliorudi mahali palepale mwaka baada ya mwaka wakiwa na kamera na kamba ya kupimia. Ule ukanda wa nyasi umepata nani? Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe papa hapa Nyeri, alipopata habari ya Tuzo ya Nobel mwaka wa 2004, alipanda mti mjini Nyeri akiutazama mlima. Hakungoja kuulizwa kama mti mmoja unatosha.

Basi naomba hivi. Ile kamera ya shule inayotolewa kabatini siku ya michezo tu, Chama cha Kiswahili kipewe mara moja kila mwezi. Tusimame nyuma ya bwalo, mahali pamoja, tuielekeze chini ya kilele, kwenye ukanda wa kahawia. Tuandike tarehe, na tuandike kama mlima una moshi au hauna. Wanafunzi watakaokuja baada yetu waendeleze. Picha hizo hazitapendeza kwenye kalenda, lakini zitakuwa ushahidi.

Mwalimu mlezi, ufunguo wa kabati tunajua uko kwako. Jumatatu ya kwanza ya muhula ujao tutakuja kuubisha mlango.