Zaidi ya Kilomita 4

Barabara ya kupanda Bogus Basin, uwanja wa ski ulio juu ya mji wa Boise katika jimbo la Idaho, Marekani, ina kona 172, na mama hakusema neno katika hata moja. Chini mji ulikuwa umefunikwa na ukungu. Huku juu jua linawaka, misonobari imelemewa na theluji. Ukungu wa kulala bondeni mama aliuzoea Kasulu, mkoani Kigoma, Tanzania, asubuhi za Julai, wakati baridi ya kiangazi inapokuwa kali.

Uwanja huu ulifunguliwa mwaka 1942, na wengi huja kuteleza kwa ski. Sisi tulikuja kutembea. Tulikodi viatu vya theluji, yaani fremu pana unazozifunga chini ya buti, zenye meno ya chuma kwa chini. Upana wake huutandaza uzito wa mwili, mguu usizame hadi gotini. Mwanzoni mama alijikanyaga.

“Panua miguu kidogo, mama.”

Baada ya hapo hakuhitaji mwalimu. Penye mwinuko alichimba meno kwanza, akatulia, ndipo akahamisha uzito. Ndivyo alivyokuwa akipanda udongo mwekundu wakati wa mvua, mzigo wa kuni kichwani juu ya ngata, nami nikimfuata nyuma.

Njia hizi zina adabu zake. Mashine huzilainisha na kuwachorea wenye ski mifereji miwili sambamba. Mwenye viatu vya theluji haikanyagi, hupita pembeni. Shimo la mguu likiganda litamwangusha mtu anayekuja kwa kasi. Mama alilielewa hilo upesi kuliko vijana waliotutangulia.

Alikimbia Burundi mwaka 1972 akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Miaka mingi baadaye tukawa Mtabila, kambi iliyokuwa Kasulu, na shangazi yangu akawa Nduta, wilaya jirani ya Kibondo. Mkimbizi hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini bila kibali. Kuni za karibu zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo wanawake walivuka mpaka huo kila siku wakiwa na hofu ya kukamatwa, na hofu nyingine kubwa kuliko hiyo, ya wanaume waliokuwa wakivizia porini. Kumwona shangazi kulihitaji karatasi, na karatasi ilihitaji kusubiri. Marekani ilipoanza mwaka 2007 kuwapokea wakimbizi wa 1972 waliokuwa bado kambini, nasi tulikuwamo. Mtabila yenyewe ilifungwa mwaka 2012.

Naipenda milima ile ya Kigoma, miombo yake na asali yake. Lakini sikuwahi kumwona mama akitembea humo bila mzigo, wala bila kugeuka nyuma.

Tulipumzika chini ya msonobari, tukala maharage ya moto kutoka kwenye chupa ya chai. Mama alivua koti. Kupanda kunatoa jasho hata penye barafu, na jasho likipoa mwilini ni hatari, hivyo nilimhimiza avae tena kabla hatujaondoka.

“Tumetembea kilomita ngapi?” akauliza.

“Karibu 4.”

“Na hakuna anayeuliza?”

“Tiketi tumeshaonyesha, mama.”

Mbele njia iligawanyika. Nikamwonyesha ile fupi, inayorudi kwenye gari. Akaitazama, akakaza mkanda wa kiatu, akashika ile ndefu.