Puli ya kranki: usinunue mng'aro, nunua mpira

Nimeadimika kidogo, si mnajua tena mambo ya TP. Usiku maandalio ya somo, mchana madaftari ya watoto, wikiendi naenda kwa mjomba Nangurukuru, pale njia panda ambapo wa Kilwa Masoko na wa Lindi wanaachana, na wa Liwale wanakamata njia ya bara. Leo sina stori za bumu wala za mapenzi. Leo ni puli.

Ndiyo, puli! Lile gurudumu la chuma mbele ya injini linalozungusha mikanda. Mjomba ana Land Cruiser ya injini ya 1HZ, dizeli, silinda sita, cc 4,164. Ndiyo inayobeba watu na magunia ya ufuta kutoka njia ya Njinjo, na ndiyo iliyonisomesha sekondari. Msimu wa ufuta ni mfupi. Gari likilala wiki mbili, hasara yake unaisikia mpaka Krismasi.

Sasa gari likaanza vituko. Mikanda inalia, inaliwa upande mmoja, taa ya chaji inawaka na kuzima. Fundi akafanya kitu kimoja rahisi ambacho nimekipenda sana: akachora mstari wa rangi kwenye puli, kutoka katikati mpaka ukingoni. Mjomba akazunguka na gari asubuhi nzima. Aliporudi, mstari ulikuwa umekatika, nusu ya nje imeachana na nusu ya ndani kwa upana wa vidole viwili. Maana yake puli ile si chuma kimoja. Kuna kitovu cha ndani, kuna pete nzito ya nje, na katikati yake kuna mpira unaozishika. Mpira ulikuwa umechoka, pete inateleza.

Basi bwana, mjomba akanigeukia: "Mpwa wangu, wewe si unasoma fizikia? Haya, ninunue ipi?"

Mezani kulikuwa na njia nne. Ya kwanza, kuchomelea: fundi aunganishe pete na kitovu kwa welding, kazi ya nusu saa. Ya pili, kukerezesha puli ya chuma kitupu. Ya tatu, mpya ya bei chee, boksi zuri linang'aa, duka lenyewe halijui imetengenezwa wapi. Ya nne, jenuini, iagizwe Dar kwa bei ya kukata pumzi.

Fundi alitetea ya kwanza, na hoja yake haikuwa ya kijinga. Alisema ameshachomelea kadhaa na magari yanatembea. Kweli yanatembea! Lakini hebu tujiulize, mpira uliwekwa wa nini?

Kila silinda inapowaka inaupiga kranki teke. Injini ya silinda sita ya mipigo minne inapata mateke matatu kwa kila mzunguko. Kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika hayo ni mateke 6,000, yaani 100 kila sekunde. Kranki ni chuma, lakini kila teke linaisokota kidogo na inarudi, kama kanga unayoikamua halafu unaiachia. Na kadiri kranki ilivyo ndefu ndivyo inavyojisokota zaidi. Sasa kumbuka bembea: ukiisukuma kwa wakati wake, visukumo vidogo vinaipeleka juu. Kuna spidi ambazo mateke ya injini yanaangukia kwenye wakati wa kranki yenyewe. Hapo ndipo pete nzito ikiwa juu ya mpira inachelewa kidogo, inavuta kinyume, na mpira unaumeza mtikisiko na kuugeuza joto. Ukichomelea, au ukiweka chuma kitupu, umemfukuza anayezuia bembea. Gari litaenda, ila kranki inachoka kimya kimya, na siku ikikatika haipigi hodi. Hapo hununui puli tena, unatafuta injini.

Kijana mmoja pale kijiweni akaleta habari za puli ndogo nyepesi za magari ya mashindano, eti injini inakuwa kali. Tukapiga hesabu mchangani. Puli ya milimita 160 ukiibadilisha kwa ya 140, pampu ya maji na alteneta vinapungua spidi kwa asilimia 12.5. Kwenye mashindano sawa. Lakini gari letu linapanda mchangani kwa gia nzito, injini inazunguka polepole, mzigo umejaa, jua la Kilwa. Hapo ndipo maji yanatakiwa yazunguke, si yapunguzwe!

Kwa hiyo ikabaki ya boksi na jenuini. Ya boksi ilikuwa na kipimo sawa na mifereji sawa, ila mpira wake ukiubonyeza kwa kucha ulikuwa mgumu kama kwato, na pembeni una nyufa kabla haijafungwa. Nikamwambia mjomba, agiza jenuini.

Kusema hivyo hakukuwa rahisi. Mjomba alikuwa ameniahidi laptop msimu huu, na nilijua fungu ni lile lile. Aliniangalia, akacheka, akasema, "Unajua unajikata mwenyewe?" Nikasema najua. Puli ikaja na basi siku ya tatu. Mikanda imenyamaza, taa ya chaji imezima, na mistari ya rangi tuliyochora upya bado imenyooka.

Kwa wenye gari za porini nyumbani: nenda dukani na puli ya zamani mkononi. Linganisha upana, idadi ya mifereji na kina chake, maana mkanda ukikaa mshazari utaliwa tu. Kagua mpira kabla ya rangi. Ukishafunga, chora mstari wako, uuangalie kila ukibadili oili.

Ile ya zamani mjomba kanipa. Jumatatu naingia nayo Form Four, mada ni resonansi. Assignment yenu nitaendelea kuitypia maktaba, msinicheke.

Nawasilisha!