ALIMKATA MAMA KWENYE PICHA

Kuna dada mmoja wa Lushoto, jina tuliache, anafanya kazi Dar. Juzi Idi ilipopita akapanda kwao kusalimia: Mombo, Soni, kona juu ya kona mpaka masikio yanaziba. Asubuhi akakuta ukungu umeshuka mpaka mlangoni. Akapiga picha, akatupia Instagram. Mashosti wakajaa. "Hii Bongo kweli?" "Tupeleke kwenu basi!" Mmoja akasema ni Uswisi.

Shida ni kwamba pichani kulikuwa na mtu. Mama yake, amejitwika tenga la karoti, anawahi soko. Dada alimkata.

Mdogo wake wa kidato cha pili ndiye aliyegundua. "Dada, si mama alikuwa hapa?" Akajibu eti mwanga ulikuwa mbaya. Mwanga gani jamani, na karoti hizo hizo ndizo zilizomlipia ada!

Usiku usingizi ukagoma. Saa nane akaifuta, akaweka picha nzima, bila neno lolote. Laiki zilipungua, ukweli usemwe. Ila shosti mmoja, yule anayejulikana kwa mashauzi, akaandika: "Wangu anauza vitumbua Mbagala. Hamjawahi kumwona." Mwingine akafuata: "Wangu dagaa."

Kulipokucha akampa mama simu aone. Mama akaangalia weee, halafu akanuna.

"Watu wote hao wameniona na kanga hii iliyopauka? Na ile mpya uliyoniletea iko kabatini?"