Sketi ya Mdogo Wangu

Mama yangu ni mshonaji. Cherehani yake iko kwenye baraza ya duka moja pale senta ya Nagongera, si mbali na stesheni ya reli, na watoto wengi wa shule za jirani wamevaa sare zilizopita mikononi mwake. Yeye ndiye aliyegundua maradhi ya mdogo wangu, na aliyagundua kwa sketi.

Ulikuwa muhula wa kwanza, na mdogo wangu alikuwa na miaka 12. Mama alimshonea sketi mpya, akamvisha, akaona pindo la upande wa kulia limepanda. Akalifumua, akashona upya. Likapanda tena. Akalaumu kitambaa alichonunua Busia, akalaumu mkasi, akanilaumu hata mimi niliyeshika utepe wa kupimia. Mara ya tatu alimwambia mtoto avue blauzi, ainame kama anayeokota sindano. Mbavu za upande mmoja zilikuwa zimeinuka juu kuliko za upande wa pili.

"Kumbe sikukosea mimi," alisema Mama, kisha akanyamaza kimya.

Baadaye nilikuja kujua kwamba kumwinamisha mtoto hivyo na kumtazama mgongo kutoka nyuma ndicho kipimo cha kwanza ambacho madaktari hufanya. Mama hakufundishwa na mtu.

Zahanati ya kwanza tuliyokwenda ilituambia ni madumu ya maji, mtoto apumzike. Alipumzika, na mgongo ukaendelea kupinda. Shuleni walianza kumwita kibiongo. Mimi ninayesoma Kiswahili nilikasirishwa na neno hilo mara mbili: kwanza kwa kuwa ni tusi, pili kwa kuwa si sahihi. Kibiongo mgongo wake hutokeza nyuma. Wa mdogo wangu ulikuwa umekwenda upande, tena ukajizungusha, kama kamba ya nguo iliyosokotwa.

Hatimaye tulivuka mpaka pale Malaba, tukaenda hospitali moja upande wa Kenya. Daktari alianza kwa kupima kifua kikuu, kwa sababu ugonjwa huo ukiingia kwenye pingili za uti wa mgongo huzila na kumwachia mtoto nundu. Haukuwepo. Akatuambia kwamba aina hii ya kupinda, inayowapata zaidi wasichana wa umri huo, mara nyingi haina chanzo kinachojulikana. Si maji, si godoro, si mkoba wa shule. Niliona mabega ya Mama yakishuka. Nadhani kwa miezi yote ile alikuwa akiyahesabu madumu.

Pembe ya mpindo ilikuwa nyuzi 52. Kuanzia karibu nyuzi 45 hadi 50, alisema daktari, huanza kuzungumzwa habari za upasuaji: kutia skrubu kwenye pingili, kupitisha vyuma viwili, kunyoosha kadiri inavyowezekana. Hapo ndipo Kiswahili chake kilipomwishia, akawa anachanganya na Kiingereza, na Mama akaanza kuitikia "ee, ee" kwa sauti ambayo mimi naijua. Ni sauti anayoitumia mteja anapotaja bei asiyoitaka. Nikawa mkalimani.

Daktari alitoa kwenye droo pingili ya plastiki nyeupe, na juu yake akaweka kidude kingine chenye vijibomba viwili. Alisema skrubu hupita kwenye shingo nyembamba ya mfupa ambayo kwa mtoto inaweza kuwa na upana wa milimita 4, au hata pungufu. Ikikosea kuelekea ndani, hapo umepita ule ugwe wa neva unaopeleka amri za ubongo miguuni. Ikikosea kuelekea mbele, kuna mishipa mikubwa ya damu. Kwa kawaida daktari hutegemea macho yake, mkono wake na picha za eksirei wakati wa upasuaji. Lakini kwenye mgongo uliojizungusha kila pingili imegeukia kwake, na alama ambazo mkono umezizoea hazipo mahali pake.

Ndipo kinapokuja kidude kile. Mtoto hupigwa picha za CT, kompyuta huunda mgongo wake mzima, na daktari huchagua njia ya kila skrubu akiwa ametulia mezani, kabla hata kisu hakijashikwa. Kisha printa hujenga kidude hicho tabaka juu ya tabaka, kwa nailoni au plastiki nyingine inayostahimili kusafishwa vijidudu. Upande wake wa chini hulalia mfupa wa mtoto huyo kama mfuniko na chungu chake. Vijibomba huelekeza keekee. Hakifai kwa mtoto mwingine, wala kwa pingili ya jirani. Nyama ikibaki kidogo juu ya mfupa, hukaa mshazari na kuelekeza pabaya, kwa hiyo hakimwondolei daktari kazi ya kuwa daktari. Na picha za CT zina mionzi, jambo ambalo kwa mtoto hupimwa kwa uangalifu.

Nilihangaika kupata neno. Nikasema "kielekezi". Mama akakishika, akakigeuza, akasema, "Hii ni karatasi ya kukatia."

Yeye hukata vipimo vya wateja wake kwenye karatasi za mifuko ya saruji na kuvitundika kwenye msumari. Alikuwa ameelewa kuliko mimi, kwa sababu swali lililofuata mimi nisingeliuliza:

"Daktari, mtoto huyu anakua. Nikimpima Januari, Agosti karatasi ile hainifai. Hii yenu inakaa muda gani?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Mama, hapo ndipo panapotusumbua." Ikipita miezi mingi baina ya picha na upasuaji, alisema, mpindo huwa umesogea na mtoto amerefuka, na lazima picha zirudiwe.

Kwa watu kama sisi, kilicho baina ya picha na upasuaji ni pesa. Kuna michango ya ukoo, kuna ng'ombe wa kuuza, kuna foleni. Kifaa kilichopimwa kwa milimita kinaweza kuwa takataka kwa sababu mahindi hayakuuzika.

Hili limenifanya niwaangalie kwa jicho jingine watu waliofanya mambo ya namna hii hapa kwetu. Mbale, ambako basi la kutoka Tororo halichukui muda, ipo hospitali ya watoto ya CURE. Daktari Benjamin Warf, Mmarekani, aliwakuta hapo watoto wenye kichwa maji wakiwekewa mrija ambao ukiziba humtaka mtoto arudi hospitali upesi. Wazazi wa vijijini hawawezi kurudi upesi. Akaendeleza njia ya kupasua bila kuacha mrija. Na katika hospitali ya CoRSU, Kisubi, katikati ya miaka ya 2010, walishirikiana na Chuo Kikuu cha Toronto kujaribu skana na printa katika kutengeneza sehemu ya mguu bandia inayovishwa kwenye kigutu cha mtoto, ili apimwe na kutengenezewa kwa haraka. Kwangu mimi hao wote walijibu swali la Mama, ingawa hakuwauliza.

Mdogo wangu bado anasubiri. Tumekubaliana na daktari kwamba picha za CT zitakuwa jambo la mwisho: kwanza pesa zitimie na tarehe ipatikane, ndipo apigwe, kielekezi kitengenezwe kikipatikana, aende mezani. Kisipopatikana, daktari atafanya kwa mkono na eksirei, kama alivyowafanyia wengine. Mama alimuuliza ni wangapi na wanaendeleaje, naye akajibu bila kukwepa.

Karatasi za mdogo wangu zina msumari wake peke yake sasa. Kila mwisho wa muhula Mama humpima kutoka kiunoni hadi gotini, kulia na kushoto, huandika tarehe kwa chaki na kuilinganisha karatasi mpya na ya zamani. Sketi ya muhula huu ameiongeza inchi moja na robo upande wa kulia. Pindo limelala sawasawa, na mdogo wangu amekwenda nayo shule akiwa amechomekea blauzi, jambo ambalo alikuwa ameliacha tangu mwaka jana.